Kichwa cha Kiboko, Mtaa wa Mindará

Wiki tatu tulimjenga ndani kwa Domingas,
maana nje vumbi la jangwa halina adabu, lingelamba gundi.
Mbavu za waya, ngozi ya mifuko ya saruji,
uji wa unga wa muhogo uliogoma kunata
mpaka Braima alipoutia chumvi. Kwa nini chumvi, hakusema.
Magazeti ya mwaka jana tukayabandika tabaka kwa tabaka:
bei ya korosho ikaangukia puani,
waziri fulani akawa kope.

Jumamosi ya kanivali, ngoma zishaanza kule Bandim,
tukamwinua, moja, mbili,
kichwa kikakwama mlangoni.

Tukakipinda ubavu. Tukakilaza. Tukakitukana.
Nani alipima? Kila mtu akamtazama mwenziwe.
Udé, fundi wa matuta ya mpunga,
akapapasa fremu kama anayemjulia hali mgonjwa,
akasema: mlango huu umechoka, utolewe.
Domingas akashika kiuno. Nyumba ya marehemu mumewe hii.
Akatutazama sisi, akamtazama kiboko,
jicho moja kizibo cha chupa, la pili rangi haijakauka.
"Toeni. Lakini mrudishe kabla ya Jumatano ya Majivu.
Mimi silali na barabara chumbani."

Basi tukapita.
Mbele yetu vijana wa Bijagó, pembe za ng'ombe vichwani,
wakifukua lami kwa magoti kana kwamba chini yake kuna nyasi;
Wamanjaku na nguo za kufumwa, nzito kama deni;
mabinti wa Kifula na vibuyu vya maziwa, tone halimwagiki;
Wabalanta wenye kofia nyekundu, wakijikokota makusudi.

Mwenye daftari akatusimamisha jukwaani:
"Ninyi kundi la kabila gani?"
Mguu wa kushoto wa kiboko alikuwa Mpapeli,
wa kulia Mmandinga,
mkia ni Braima, ambaye mama ni wa huku, baba wa kule,
na mwenyewe ni wa usingizi.
Tukanong'onezana. Jua likatukaanga ndani ya karatasi.
Mimi, mbeba taya, nikajibu kwa kinywa cha mnyama:
"Andika: wasio na mlango."

Hatukushinda kitu.
Usiku tuliporudi hapakuwa na pa kubisha hodi.
Majirani walijaa hadi jikoni,
na mlango wenyewe umelazwa juu ya matofali,
juu yake sinia la wali na samaki,
na pale penye tundu la kitasa
Domingas amesimamisha chupa ya pilipili.