Mstari wa Saba

Fomu ya madai ina mistari tisa.
Jina: Time binti Faki Shaame.
Makaazi: Jadida, Wete.
Kazi: kushona kofia za viua.
Mstari wa saba, *Uhusiano wa mdai na aliyedhurika*,
kalamu yangu ikasita.
Mwanao? Hapana.
Mumeo, nduguyo, shemegi? Hapana.
Basi nani wako mule?
Akanyoosha kidole dirishani,
kwenye chumba cha mahabusu:
watu kumi na wanane, ndoo moja,
na maji ya masika yakishaingia hayatoki.
"Nawasikia wakikohoa," akasema, "nikitoboa viua."
Nikaandika: *Hakuna.*

Siku ya shauri nikaita "Kooti!"
tukasimama, jaji akaketi, tukaketi.
Akabaki wima Wakili wa Serikali,
shati limenyooka kama kwamba pasi bado imo ndani.
"Mheshimiwa, mama huyu hana pa kusimamia.
Si mahabusu, si mzazi wa mahabusu.
Ndoo hiyo hata harufu yake haijui.
Ukimfungulia mlango yeye, kesho
kila mwenye masikio atakuja na shauri lake."

Kila mwenye masikio.
Nikayaandika neno kwa neno, ndiyo kazi yangu.

Jaji hakuwa mkali.
"Bi Time, wewe yakuhusu nini?"
Akainuka kwa kushika benchi,
sindano imesahauliwa kwenye kanga, begani.
"Mheshimiwa, Rajabu iliyopita
bahari ilitutupia maiti. Hana jina, hana kwao.
Hapana aliyeuliza huyu wa nani.
Huyu akatoa bafta, yule akachimba,
mimi nikakata sanda.
Tungelimwacha, dhambi ingekuwa ya mji mzima.
Chuoni tulisomeshwa: faradhi ya kifaya,
akisimama mmoja wamepona wote,
asiposimama mtu...
Sasa, aliyekufa nimsimamie bila ya udugu,
aliye hai, anayekohoa,
mpaka kwanza niwe nimemzaa?"

Wakili akasema hiyo fikihi, si sheria.
Mtu mmoja nyuma akacheka,
kicheko kikamgeukia kikohozi,
na sote, hata jaji,
tukatazama dirishani.

Uamuzi tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi.

Jioni nimebaki na jalada.
Miaka tisa meza yangu iko hapa,
ukuta ule kwa hatua ishirini.
Masika yakianza hulifunga dirisha.
Mvua, huwaambia wenzangu. Mvua inalowesha mafaili.

Nimeufunua mstari wa saba.
Kufuta hairuhusiwi, na sikufuta:
*Hakuna*, kwa mwandiko wangu mzuri
ninaosifiwa nao hadi Chake.

Nimelifungua dirisha tu.
Makaratasi yanalowa.