Asilimia Mbili ya Kesho

Kadi yangu imeandikwa: Mkuu wa Ukuaji.
Mama kaisoma mara mbili, kauliza,
"Ukuaji wa nini, mwanangu? Wa mchicha?"

Ofisi ni chumba juu ya duka la vitenge,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Tuko watatu. Mndolwa anaandika programu
ya kupima maziwa ya wafugaji wa Pongwe;
Zubeda anahesabu hela ambazo hazijafika;
mimi napiga simu, nafagia, na alfajiri
nabeba madebe, kadi mfukoni ikinuka mtindi.

Mshahara? Tumeandikiwa hisa.
Asilimia mbili ya kesho.
Mwenye nyumba hapokei kesho.

Jana Mndolwa kaaga. Benki, Dar, bima ya afya.
Ndiyo Tanga: waja leo, waondoka leo.
Kaniachia kompyuta, na nywila
kwenye karatasi ya maandazi, ina mafuta.

Saa kumi na moja simu imelia, giza bado.
Mama Shekue: "Nimekama lita saba.
Mbona mashine yenu imeandika sita?"

Nimekaa. Nimeikunjua karatasi.
Programu sijui kuandika.
Ila lita ya mtu imepotea humo ndani.