Chujio

Siku tatu Shamavu ananiletea nusu ya veresema.
Juzi alisema mvua. Jana alisema askari wa barabarani.
Leo amesimama mlangoni, kofia ngumu kwapani:
"Mama Tumsifu, moto inakohoa.
Ikifika mwinuko wa Mugunga inakata pumzi,
abiria anashuka, anasonya, anapanda ya mwenzangu."

Nikamtazama kama mtu anayehesabu vijiko
mgeni akiwa bado mezani.
Pikipiki hii ni miezi kumi na minne ya likelemba,
ni jino nililoliacha liume hadi likachoka lenyewe.
Nikasema: iache hapa. Urudi kwa miguu.

Hapa Goma pikipiki tunaiita moto,
na moto wenyewe tunaufahamu: ulishapita uani bila hodi,
ukaganda, tukajenga juu yake.
Basi, kwanza nimeondoa mbabula.
Tumsifu kabeba maharagwe, nusu mabichi, mpaka kwa jirani,
kisha karudi kushika tochi ya simu
na kuuliza maswali.

Koki, funga.
Bakuli la plastiki chini ya tumbo la mashine.
Vibanio viwili vya waya, vidogo kama hereni za mtoto:
kimoja kimekubali koleo,
cha pili kimeruka, tik, kikapotea kwenye mawe meusi
ambayo hayajawahi kurudisha kitu.
Sikutukana. Karibu.
Mpira uking'ang'ania kama mtoto siku ya kuachishwa ziwa,
nikauzungusha, nikauvuta, ukaachia,
esansi ikanitiririka mpaka kwenye kiwiko,
baridi kuliko maji ya Kivu alfajiri.

Nikaliinua chujio kwenye mwanga.
Lilipokuwa jipya uliona mpaka upande wa pili.
Sasa lina rangi ya chai iliyosahauliwa,
na chini tope jeusi, laini, na tone moja la maji
linalotembea peke yake, halitaki kuchanganyika na mtu.
Nikapuliza. Pumzi yangu ikanirudia usoni.

Kumbe kijana hakusema uongo.

Nikalisugua lile tope kati ya vidole viwili.
Linakwaruza. Ni vumbi la barabara yetu,
lile linalokaa kwenye pazia, kwenye unga, kwenye kope.
"Mama," Tumsifu kauliza, "limeingilia wapi?"
Na tochi yake, bila nia mbaya,
ikageukia meza yangu pale ukutani:
chupa tisa za esansi, bidoni la njano,
na faneli imeachwa wazi, mdomo juu,
kama kifaranga anayengoja kulishwa.

Kila alfajiri Shamavu hujaza kwangu.
Mimi ndiye kadafi wake.
Asubuhi nampimia, jioni nampokea,
na katikati ya mikono yangu miwili
nikawa namtafuta mwizi.

Chujio jipya lina mshale mdogo ubavuni.
Nimeshalichomeka, Tumsifu anasema:
"Mama, mshale unatazama tangi."
Kweli. Nikaligeuza, litazame kabureta.
Mahali pa kibanio kilichomezwa na mawe
nimeweka pini ya nywele, nimeikunja kwa koleo mara mbili.
Koki, fungua.
Esansi ikaingia taratibu, ikapanda, ikatulia.
Hakuna tone. Nikahesabu mpaka mia. Hakuna tone.
Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kikohozi.
Ya tatu, mbwa wa mtaa mzima wakaamka.

Nimekata kipande cha kitenge cha zamani,
nimekifunga mdomoni mwa faneli.
Kesho nitamwambia Shamavu.
Nimejaribu sentensi nne,
zote zinaanza na "lakini".
Maharagwe yamerudi, yameivia kwenye makaa ya watu.
Mkono wa kulia unanuka hata baada ya sabuni,
nakula kwa wa kushoto,
Tumsifu ananicheka.