Rafadha

Nimeipakata kutoka Nyumba ya Mungu
kama mtoto mwenye homa,
ndani ya kiroba cha sukari.

Pasua, kwa Elirehema,
fundi wa mashine za kukoboa kahawa,
asiyewahi kupanda boti.
"Imeng'ata nini?"
Kisiki. Mgunga uliozamishwa na bwawa
kabla sijazaliwa,
bado unadai shamba lake.

Akaunga panga lililomeguka,
akaitundika juu ya msumari,
akaizungusha kwa kidole.
Ikalalia upande uleule.
Akapiga tupa. Ikalala tena.
Tupa.
Mara ya saba ikagoma kuchagua upande.

"Elfu arobaini," akasema,
kisha, akipangusa vumbi la shaba kwenye kope:
"Hivi majini, hii inasukuma
au inavuta?"

Mwaka wa tisa naendesha.
Nikahesabu noti polepole.