Yule wa Tatu Kutoka Kushoto

Wengine wanampenda shujaa. Sawa.
Kofia nyeupe, meno kamili, farasi asiyechoka.
Mimi, tangu nilipokuwa na miaka minane kampini Lubumbashi,
nilimpenda yule wa tatu kutoka kushoto,
mwenye masharubu, anayekufa mapema.

Jina lake silijui hadi leo.
Majina yalipita mwishoni, mbiombio, maandishi membamba,
na sisi tulikuwa tumeshainuka, tunagombania viatu.
Tulimwita Kitambala, kwa ajili ya kile kitambaa cha shingoni.
Alijua kuanguka, yule mtu!
Kutoka juu ya paa, kutoka ngazini, kutoka dirisha la baa
akiwa bado ameshika chupa, na chupa haivunjiki.
Shujaa akifa anatengeneza nywele kwanza,
anasema maneno kumi, anashikwa mkono.
Kitambala alikufa kama gunia la unga likitoka begani.

Na yule malkia wa glavu ndefu?
Macho, ndiyo, macho anayo.
Lakini filamu nane, na sijamwona akimenya hata kiazi.

Jumamosi ukuta wa ofisi ya posho ulikuwa na chokaa mpya,
mashine ilikohoa,
nondo waligeuka ndege wakubwa katikati ya vita,
na Mukalay akashika kipaza sauti.
Filamu ilisema ya kwao, Mukalay alisema ya kwetu.
Wote walitoka kinywani mwake:
mwizi, hakimu, bibi harusi, hata farasi.
"Weye! Lete deni yangu!" alinguruma jambazi,
na shujaa, bunduki mkononi: "Ngoja, ndugu, mushahara haiyatoka."
Tulicheka mpaka bwana wa kampi naye akacheka, bila kujua kwa nini.
Wakikaribia kubusiana, mupe aliweka kiganja mbele ya taa.
Nilikua nikidhani busu ni kivuli cha vidole vitano.

Juzi Ngosa, mjukuu wangu, amezipata zile filamu kwenye simu.
Nimeketi jikoni hapa Katuba, miwani puani, moyo unadunda.
Shujaa akafungua mdomo.
Kisauti chembamba! Kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.
Nikamwambia Ngosa, huyu si yeye.
Ni yeye, bibi.
Si yeye. Yeye alikuwa na sauti ya Mukalay,
ya munkoyo na tumbaku, na kikohozi pale pa huzuni.

Lakini nilitaka kusema habari za Kitambala.

Alikufa Jumamosi, na Jumamosi iliyofuata alikuwepo.
Kofia nyingine. Safari moja ndevu, safari moja jicho limefungwa.
Hakuna aliyeshangaa.
"Amerudi," tulisema, kama tulivyosema juu ya watu wa zamu ya usiku,
tukasogea, tukaendelea kutafuna karanga.

Basi mwaka ule baba alipokwenda kwenye tanuru
na Jumatano wakatuletea kofia yake tu,
kofia ya kazi, nzima, namba yake mbele,
mama aliiweka mezani akakaa chini.
Shangazi wote walilia.
Mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa:
kofia hii ameimaliza.
Jumamosi sikutazama ukuta.
Niliwapa mgongo farasi, nikatazama lango,
wanaume wakiingia mmoja mmoja,
nikikagua kofia.

Mama alinikuta pale, watu wameshatawanyika.
Hakuniuliza kitu. Alinifunga kamba za viatu,
na viatu havikuwa vimefunguka.

"Bibi, kati ya wote, nani alikuwa bingwa?"
Huyo hapo, nikasema. Simamisha!
Ngosa akagusa kioo.
Kitambala yuko hewani, ametoka kwenye paa, hajafika chini,
kofia imemtangulia kidogo, mdomo wazi,
mkono mmoja kama anamwita mtu.
"Niendelee?"
Mwache hapo kidogo, mwanangu.
Bukari bado haijaiva.