Fomu ya Ridhaa, Newala

Zulfa ameingia, mtandio umempanda hadi machoni,
nyuma yake bibi yake, Bi Somoe, na kikapu cha mihogo.
Ukungu bado umelala uwanjani.
Newala asubuhi haina haraka ya kujionyesha,
Zulfa naye hana.

Fungua, mwanangu.
Anafungua kidogo kidogo, kama mtu anayebandua plasta.
Mashavu yamewiva, yanatoa maji,
ngozi imekonda hadi mishipa inahesabika,
ila vifundo vya vidole vimegoma,
vimebaki na rangi ya nyumbani.

Nina karatasi, nina kalamu inayovuja.
Ulipaka nini? "Cha kwenye kopo la njano."
Kina nini ndani? "Herufi zake sizijui."
Na sindano? "Tatu. Zilikuwa ziwe sita."
Nani alikuchoma? "Daktari."
Daktari nani? Anatazama viatu vyake.
"Alishuka na basi la Masasi, akapanga gesti,
chumba namba nne. Alivaa koti jeupe."

Koti jeupe. Hata muuza nyama analo.

Pesa ilikuwa ya korosho, malipo ya kwanza,
mabati ya bibi yaliyogeuzwa uso.

Naandika: steroidi? Naandika: zebaki?
Naweka alama za kuuliza tu, maana kopo limetupwa chooni
na katika chumba namba nne sasa analala mtu mwingine.

Ndipo Bi Somoe akacheka, cheko lisilo na furaha.
Nilidhani hasikii.
Akausogeza uso kwenye mwanga wa dirisha:
nembo, pembe juu ya pembe, toka kipaji hadi kidevu,
weusi uliotulia ndani ya weusi.

"Niulize mimi. Andika.
Aliyenichanja ni Binti Mkalunde wa Kitangari.
Kijembe alikinoa mbele yangu.
Alichopaka ni mkaa wa mbarika, niliuchoma mwenyewe jana yake.
Nilijua nitavimba siku ngapi, uji nitanyweshwa na nani.
Nilijua nikishatoka pale uso ule haurudi.
Yote nilijua."

Nikasema, basi bibi, wewe ndiye mgonjwa wa mfano.

"Ila sikuulizwa," akasema.
"Walinishika wanne. Mmoja alinikalia miguu."

Saa ya ukutani, iliyokufa tangu Ramadhani,
ikaendelea kufa.

"Mimi hakuna aliyenishika," akasema Zulfa taratibu.
"Mimi nililipa."

Ningekuwa pale mlangoni pa namba nne
ningekwambia: muulize jina, cheo baadaye.
Muulize usiku uso ukiwaka utamwita nani,
na yeye atakuwa ameshafika wapi na basi lake.
Mwonyeshe sikio, pale tundu la hereni lilipokuotea nundu,
umuulize ngozi ya namna hiyo huwa inaponaje.
Akikasirika kwa kuulizwa,
chukua mkoba wako.

Lakini sikuwa mlangoni. Nipo hapa, na wewe upo hapa.

"Hawawezi kunishonea nyingine? Huko Dar?"
Wanaweza, wapo waliosomea.
Lakini mshona ngozi hana ghala la ngozi, Zulfa.
Anatoa pajani anaweka shavuni,
na paja nalo linabaki na habari yake.
Kwanza hii ipumzike. Dawa tutaipunguza pole pole,
ukiikata ghafla italipiza.
Jua ulikimbie. Miezi, si siku.
Na huenda isirudi yote, hilo nalisema sasa
ili usije ukalisikia kwa mwingine.

Nikasukuma fomu, nikaonyesha mstari wa sahihi.
Zulfa akaishika kalamu ile inayovuja.
Bi Somoe akamshika mkono, mkono tu.

"Asome kwanza," akaniambia. "Kwa sauti.
Na yale maandishi madogo."

Nikasoma. Mihogo ikanuka udongo mbichi.
Nilipofika katikati akaniinulia kidole:

"Hapo pa hatari. Rudia."