Hakuna Aliyekufa

Siku ya kumi na moja niliamka kabla ya ndege,
hema limelowa umande, limenishukia usoni
kama nguo ya mtu mwingine.
Nje, kwenye mgunga nilikofungia baiskeli,
kijana amesimama kwa mguu mmoja,
mbuzi wake wananusa sufuria yangu.
Akajitaja: Parmuat.
Akazunguka mzigo, akafinya tairi la nyuma,
akauliza kwa ile sauti ya kuulizia wagonjwa:
"Nani amekufa?"

Hakuna.
"Umetoka wapi?"
Loitokitok.
"Na kabla ya hapo?"
Nairobi.
"Na unaenda?"
Nairobi.
Alicheka hadi mbuzi wakatawanyika.

Nikamwachia chai iliyobaki,
nikaikunja nyumba yangu ikiwa mbichi.

Isinya, upepo ulinipokea kwa kifua.
Upepo wa huko hausukumi, unabishana:
unakuacha useme, kisha unasema zaidi.
Nikashusha gia, nikashusha tena,
nikabaki na ile ambayo mtoto wa shule hukupita kwa miguu,
na kweli akanipita, sweta kiunoni,
akageuka kunitazama kwa huruma.

Mimi kazi yangu ni kuhesabu.
Misumari, bawaba, komeo, miaka kumi na tisa
nyuma ya kaunta Eneo la Viwanda.
Nilitoka nikihesabu nguzo za kilomita.
Siku ya nne nikaacha. Sikuamua;
nilifika tu juu ya mlima mmoja usio na jina
nikagundua sijui zimepita ngapi,
na hakuna kilichopotea.

Kitengela vumbi lilikuwa na ladha ya saruji.
Mlolongo malori yamejipanga yangoje kupimwa,
mimi nikapita kando
na uzito wangu wote, bila risiti.
Utingo akapaza sauti kutoka juu ya shehena:
"Mama! Unawahi matanga?"
Nikapiga kengele mara mbili.
Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Nairobi haianzi kwenye bango.
Inaanza puani: breki zilizoungua, mtaro,
mahindi yanayochomwa na mtu usiyemwona.
Siku kumi na moja bila pancha,
na hapa Donholm, karibu nione mlango wangu,
kigae cha chupa.
Fundi wa kando ya barabara hakuinuka.
Alinitazama nikitoa mpira, nikitafuta tundu.
"Huna maji?"
Nikatema mate, povu likanionyesha.
"Ah," akasema, "basi umetoka mbali,"
akanisogezea kigoda.

Umoja, mlinzi wa ploti, Barasa,
alizima redio aliponiona.
"Pole sana. Tulisikia umesafiri ghafla."
Akatoa bahasha: elfu moja mia tatu na hamsini,
majina ya wapangaji, na mbele ya kila jina kiasi,
hata yule wa chumba namba sita
ambaye hajawahi kunisalimia.
Hakuna aliyekufa, Barasa.
Akaifikiria bahasha.
"Hata hivyo chukua. Kuwarudishia itakuwa kazi."

Nikabeba baiskeli begani hadi ghorofa ya nne.
Kitanda kilikuwa kilekile,
ila ukuta ulikuwa umesogea.
Nilijaribu. Nililala chali, nikageuka,
nikasikia jirani akikohoa ndani ya sikio langu.
Basi nikachukua hema, nikapanda juu ya paa.

Zege haikubali vigingi.
Kona mbili nikafunga kwenye kamba za kuanikia,
ya tatu nikaipa mtungi wa maji,
ya nne tofali, na chini ya tofali bahasha,
isipeperuke.
Tangi lilidondosha tone, likangoja, likadondosha.
Baiskeli ilikuwa chumbani kwangu, imeegemea kitanda,
na matope ya Kimana kwenye spoku.

Nilikuwa nimeanza kusinzia
mtu alipopanda kuanua nguo zake gizani.
Nyayo zikasimama.
Sauti ya mtoto, karibu na kitambaa:
"Mama, nani amehamia hapa?"
Nikaitafuta zipu.